Starehe, anasa, kujiendekeza, ulafi au israfu: neno lipi limfae nani

Mwaka juzi, fedha za tumbaku zilipokuwa zimekwishaingia, ukoo wetu uliketi kikao hapa Tabora kwa ajili ya mdogo wetu anayelima Urambo. Alikuwa amelipwa, na katika muda wa wiki tatu alikuwa amenunua godoro nene, seti ya makochi na runinga, kisha akachinja mbuzi wawili kwa wageni ambao hakuna aliyekumbuka kuwaalika. Fedha ya pembejeo za msimu uliofuata ilikuwa imebaki nusu. Kaka mkubwa alifungua kikao kwa kusema, "Bwana mdogo, umezidi anasa." Mdogo wetu hakubisha hesabu hata moja ila alibisha neno. "Kaka, kama ni kufuja, nimefuja, nisameheni. Lakini anasa sina. Lile godoro analilalia mama." Mimi niliyekuwa mwandishi wa kikao nilibaki na kalamu juu ya daftari, kwa sababu nilitakiwa kulitaja kosa lake, na kila neno lililonijia lilimtia hatiani kwa kosa tofauti.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiyachunguza maneno haya kwa makini, na nimeona kwamba watu wengi hukwama palepale nilipokwama. Tunaposema kwamba mtu anajipa mno yale anayoyapenda, tuna maneno mengi ya kuchagua, na kamusi huyaeleza kwa kuyarudisha moja kwa jingine kana kwamba yako sawa. Mdomoni hayako sawa hata kidogo. Hapa nitayalinganisha makundi matano, yaani starehe, anasa, kujiendekeza, ulafi pamoja na jamaa zake, na israfu pamoja na ubadhirifu, kisha nitagusa kwa kifupi maneno ya vijana.

Vipimo vya kulinganishia

Kila neno nitalipitisha katika maswali manne. La kwanza ni chimbuko na maana yake ya msingi, kwa kuwa maana ya zamani mara nyingi huendelea kufanya kazi chini ya maana ya leo. La pili, ambalo kwangu ndilo kubwa, ni mahali lawama inapoangukia: je, neno linalaumu kitu kilichonunuliwa, hamu ya mtu, utashi wake, au kiasi alichotumia? La tatu ni nani anaweza kulitamka mbele ya nani bila kuvunja heshima. La nne ni umbo lake katika sentensi, maana neno lisilo na kitenzi huficha mtenda, na lenye kitenzi humtaja.

Starehe

Starehe na raha ni ndugu wa tumbo moja, kwani yote mawili yametoka katika mzizi wa Kiarabu unaohusu kupumzika na kupata nafuu. Maana hiyo ya mwanzo bado inaishi katika miji ya zamani ya misafara kama Tabora na Ujiji. Mgeni anapoingia na mzee akataka kuinuka ili ampishe kiti, mgeni mwenye adabu humzuia kwa kusema, "Starehe, mzee, starehe," yaani kaa ulivyo, usijisumbue. Shangazi yangu wa Ujiji hulitamka hivyo hadi leo, na ukimsikiliza huwezi kuamini kwamba neno hilohilo ndilo linalotumika kumwonya kijana anayemaliza mshahara kwenye baa.

Kwa hiyo, lenyewe peke yake, starehe halina lawama. Lawama huletwa na maneno yanayoambatana nalo. Kitenzi chake kimebaki na utulivu: ukisema kwamba mstaafu fulani "amestarehe" chini ya mwembe wake kule Ng'ambo, hapa hapa Tabora, umemwombea heri. Nomino ndiyo iliyochukua sura ya pili, hasa inapotanguliwa na kupenda au inapounganishwa na mtu au mahali, kama katika "anapenda starehe", "mtu wa starehe" na "nyumba za starehe". Hapo msikilizaji huona pombe, muziki na usiku mrefu bila kuambiwa.

Kuna jambo moja ambalo ni lazima niliseme wazi kwa sababu linaumiza watu. "Mwanaume wa starehe" husikika kuwa mtu asiyejua kuweka akiba, na wengine humwonea hata wivu. "Mwanamke wa starehe" hupewa maana nyingine kabisa, inayogusa heshima ya mwili wake, hata kama alichofanya ni kukaa na wenzake jioni wakinywa soda na kula mishikaki. Neno ni moja, mizani ni mbili. Katika kikao cha ukoo, ofisini au mbele ya mabalozi wa mtaa, ningeshauri maneno hayo yasitumike kwa mwanamke kamwe. Atajwe kwa tendo lenyewe, kama kweli lipo tendo la kutajwa.

Starehe linamfaa anayetaka neno pana lisilohukumu mapema: anayemkaribisha mgeni, anayeeleza mapumziko yake ya Jumapili, au anayeandika juu ya kumbi za burudani bila kutaka kuzisifu wala kuzilaani. Halimfai anayetaka kuonyesha kosa mahususi, kwa kuwa anayelaumiwa anaweza kujibu, kwa haki kabisa, kwamba kupumzika si dhambi.

Anasa

Mzizi wa Kiarabu unaohusishwa na neno hili unabeba maana ya kuzoeana na faraja ya kuwa pamoja na watu. Katika Kiswahili cha leo faraja hiyo imehama kutoka kwa watu ikaenda kwenye vitu. Tunasema bidhaa za anasa, magari ya anasa, hoteli ya anasa. Lawama, kama ipo, huangukia kwenye kitu kilichomzunguka mtu, na mtu mwenyewe hulaumiwa kwa kuwa karibu nacho. Anasa pia haina kitenzi kinachozoeleka. Ni lazima useme "kuishi kwa anasa" au "kujitia katika anasa". Kwa sababu hiyo gazeti linaweza kuandika "maisha ya anasa" kuanzia mwanzo hadi mwisho wa habari bila kueleza nani hasa alifanya nini.

Neno hili lina uzito wa mimbari. Kanisani na msikitini tunasikia "anasa za dunia", na hapo hutajwa kama pazia linalomzuia mtu asimwone Mungu wake. Kwa kizazi kilichokua baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 lina uzito mwingine tena. Azimio lilimkataza kiongozi kuwa na mishahara miwili, kupangisha nyumba na kumiliki hisa katika makampuni, na maandishi yake yalisikitikia nguvu za watu zilizokuwa zikipotea katika umbeya, ngoma na ulevi. Wazee waliolelewa katika hewa hiyo wanapotamka anasa, husikika pia shutuma ya kisiasa, kwamba wewe umejitenga na wenzako na umepanda juu ya migongo yao. Kaka yetu mkubwa ni wa kizazi hicho, na sidhani kwamba alipolichagua neno lile alijua limebeba mzigo kiasi gani.

Ugumu wake ni kwamba anasa haina kipimo kinachokaa mahali pamoja. Kitu kilichokuwa cha ajabu kijijini miaka 30 iliyopita leo kiko katika nyumba nyingi, na taa ya umeme wa jua ambayo mjini haishangazi mtu inaweza kuonekana makuu kwenye kambi ya warina asali huko Sikonge. Anayesema "hiyo ni anasa" huwa amekwisha kuamua, bila kulitamka, mtu yule anastahili kuishi katika kiwango gani. Kumwambia mkulima wa tumbaku kwamba godoro ni anasa ni kumwambia kwamba mkeka ndio saizi yake.

Linawafaa mhubiri, mwandishi wa bajeti anayetenganisha mahitaji na yasiyo ya lazima, na mwananchi anayehoji matumizi ya ofisi ya umma. Kwa ndugu na jirani lina makali yasiyolingana na kosa.

Kujiendekeza

Hili ndilo neno ninalolipenda kuliko yote katika orodha hii, na pia ndilo ninaloliogopa zaidi. Limejengwa kwa mashine ya Kibantu yenyewe: juu ya kuenda kuna kuendeka, juu yake kuendekeza, yaani kumwachia mtu au jambo liende linavyotaka, kisha kiambishi -ji- kinaurudisha mkono kwa mwenyewe. Anayejiendekeza amejua njia iliyo sawa, akajipa ruhusa ya kuiacha. Lawama inaangukia kwenye utashi, na hakuna neno jingine kati ya haya linalofika hapo moja kwa moja.

Ndiyo maana halihitaji fedha wala vitu. Mwanafunzi anayekesha na simu na kulala hadi saa nne asubuhi anajiendekeza. Mwenye kisukari anayejua alichoelezwa kliniki, lakini kila alasiri hunywa soda mbili, anajiendekeza. Hawana anasa wala israfu, na pengine hata starehe hawaipati. Wakati huohuo neno hili lina upole wa ndani, kwa sababu humchukulia mtu kuwa anaweza kufanya vinginevyo. Mama anapomwambia mwanawe, "Usijiendekeze, mwanangu, amka," amemkemea na kumwamini kwa pamoja.

Likilinganishwa na kujidekeza, tofauti ni ya umri na ya moyo. Kudeka ni kwa mtoto anayemwegemea mama ili abembelezwe, na hata kwa mke au mume anayetaka kubembelezwa kidogo na mwenzake. Kuna utamu ndani yake. Kumdekeza mtoto ndiko kunakoogopwa na methali ya samaki mkunje angali mbichi. Mtu mzima akiambiwa anajidekeza, anaambiwa kwamba amekuwa mtoto. Kosa jingine linalosikika kila siku ni kuchanganya kujiendekeza na kujipendekeza. Anayejipendekeza anatafuta kibali kwa mkubwa wake, anamchekea na kumbebea mkoba, ilhali anayejiendekeza hatafuti kibali cha mtu yeyote. Nimeona barua ya malalamiko ya kazini ambamo herufi moja tu, p, ilibadilisha shitaka zima.

Nani alitamke? Hushuka kutoka kwa mkubwa kwenda kwa mdogo, au hupita kati ya marafiki wa rika moja. Mtoto hamwambii baba yake, "Baba, unajiendekeza." Husema, "Baba, jihurumie kidogo," au hutafuta mjomba wa kulisema kwa niaba yake.

Sasa sababu ya kuliogopa. Kwa kuwa linalaumu utashi, linakuwa ukatili pale ambapo utashi haupo. Nimelisikia likitamkwa kando ya kitanda cha mzazi aliyejifungua siku chache zilizopita na hakuwa na nguvu za kuinuka. Wiki iliyofuata alilazwa, na damu yake ikakutwa iko chini sana. Nimelisikia likitamkwa kwa mtu mwenye sonona, ambaye kutoka kitandani tu kulikuwa kazi ya siku nzima. Kabla ya kulitumia ni lazima msemaji awe na uhakika kwamba mwenzake anaweza, na amechagua kutofanya. Bila uhakika huo, ni heri kuuliza, "Unajisikiaje?"

Linamfaa mlezi, mwalimu na rafiki wa karibu, na zaidi ya wote linamfaa mtu anayejipima mwenyewe.

Ulafi, uroho, uchu na tamaa

Ulafi umezaliwa na kula. Mlaji ni anayekula, na hata katika mambo ya biashara tunazungumzia haki za mlaji. Mlafi ni yule ambaye kula kumemshinda. Kanisa huuhesabu ulafi miongoni mwa dhambi saba ambazo ni mizizi ya nyingine, na katika ngano zetu fisi ameubeba kwa vizazi vingi. Lawama inaangukia kwenye hamu, lakini kwa maoni yangu kuna sharti la siri: ulafi unahitaji sinia la pamoja. Mrina asali anayelamba sega chini ya mti, moshi ukiwa bado machoni na mzinga wa gome ukiwa wazi mbele yake, haitwi mlafi hata akilamba mpaka kiu ya maji imkamate. Ataitwa hivyo akifanya vilevile nyumbani, mbele ya bakuli ambalo watoto wanalisubiri. Kadhalika harusini, mlafi ni yule anayevuta finyango za katikati wakati wenzake bado wanaanzia pembeni. Kosa lake ni kula fungu la wengine.

Jamaa zake hutofautiana. Uroho ni mpana zaidi na huvuka chakula hadi mali na vyeo. Uchu ni wa kitu mahususi na huweza kuwa wa kupita tu, kama uchu wa nyama baada ya wiki ya mboga za majani. Methali ya mchovya asali hachovyi mara moja inauhusu uchu kuliko ulafi. Tamaa ni neno lenye nyuso mbili: katika "tamaa mbele, mauti nyuma" ni adui, lakini anayekata tamaa tunamhurumia, maana hapo tamaa ni tumaini lenyewe.

Ni maneno makali yanayogusa utu wa mtu, na "mlafi" ukimtamkia mtu mzima mbele ya wageni ni tusi. Yanafaa katika hadithi za watoto, mahubiri, na katika siasa, ambako "uchu wa madaraka" umekuwa msemo wa kawaida. Kwa mwenzako mezani, neno "kiasi" linatosha.

Israfu, ubadhirifu na kufuja

Yote matatu yanalaumu kipimo cha matumizi, si kitu wala hamu. Israfu na ubadhirifu ni ya asili ya Kiarabu, na wanazuoni wa Kiislamu wamezoea kuyatenganisha: israfu ni kuvuka mpaka katika jambo lililo halali, kama kumwaga maji mengi mno wakati wa kutawadha, na ubadhirifu ni kutia mali mahali isipostahili. Ndiyo maana mtu anaweza kufanya israfu hata katika karamu njema.

Kiserikali ubadhirifu umesogea mbali zaidi. Kwenye taarifa za ukaguzi na mikutano ya hadhara, "ubadhirifu wa fedha za umma" karibu ni sawa na wizi, kwa hiyo ukimwita mweka hazina wa chama cha msingi mbadhirifu, uwe na vitabu vya hesabu mkononi. Kufuja ni jepesi zaidi na ni kitenzi cha wazi: kinamtaja mtenda na kinataka kitajwe kilichofujwa. Hatimaye ndilo nililoandika katika daftari la kikao, "amefuja sehemu ya fedha za pembejeo", na mdogo wetu alilisoma, akakubali, akatia saini. Makochi na godoro hayakuandikwa.

Maneno ya vijana

Kula bata, kuponda raha, kutanua na kujiachia hayana lawama yakitamkwa na mwenyewe, na yana furaha ya kweli ndani yake. Yakitamkwa na mzazi huwa shitaka. Katika maandishi rasmi hayakai vizuri, isipokuwa yakinukuliwa.

Kuchagua kwa kufuata hali

Ukiwa unaandika muhtasari wa kikao cha ukoo, cha ushirika au cha kikoba, chagua kitenzi kinachotaja tendo na fedha yake: kufuja, kutumia kupita makubaliano, kukopa kwa ajili ya sherehe. Majina ya tabia kama anasa na starehe yaache nje ya daftari, kwani daftari husomwa na watoto wa watu hao baadaye.

Ukiwa mimbarini, anasa na israfu vyote viwili vina nafasi, lakini havisemi jambo moja. Anasa humwonya tajiri peke yake, wakati israfu humwonya hata maskini anayepika sufuria mbili za wali kwa ajili ya sifa.

Ukizungumza na kijana wako faraghani, na una hakika hana ugonjwa wala mzigo wa moyo asioutaja, kujiendekeza ndilo neno litakalomfikia. Akiwa mtoto mdogo, mwachie fisi wa hadithi aubebe ulafi. Ukizungumza na aliyekuzidi umri, hakuna hata moja kati ya haya linalofaa kutamkwa usoni pake.

Na kama umeombwa kuandika kipeperushi cha kliniki kwa wenye kisukari au shinikizo la damu, ambako mara nyingi mwandishi huanza na "epuka anasa na ulafi", yaondoe maneno hayo mawili. Mgonjwa wa Kaliua anayekula ugali na mboga mara mbili kwa siku atasoma neno anasa na kuona kwamba kipeperushi hakimhusu. Andika sigara, kisha soda, chumvi na mafuta ya kukaangia, na kwa hivi vitatu kiasi cha kila kimoja kwa kijiko au kwa kikombe.